Nimetia MO nikapata 8, mwenzangu katia POP kapata 25

SWALI: Shikamoo dada. Niko kidato cha tano, Morogoro. Kwenye praktiko tulipewa asidi ya siki ya 0.1M, tukapima 25 cm³ kwenye flaski, bureti ina sodiamu haidroksaidi ya 0.1M. Mimi nilitia indiketa ya MO (methyl orange) ikawa njano kabisa nimeshusha kama 8 cm³ tu, mwenzangu katia POP (phenolphthalein) kapata 25. Mwalimu kasema yangu siyo. Sasa si zote ni indiketa, kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mkono wako hauna shida, shida ni hiyo MO. Indiketa haijui kama asidi imeisha, yenyewe inangoja pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ifike kwenye eneo lake inabadilika rangi basi, na eneo la MO ni 3.1 mpaka 4.4. Sasa asidi ya siki ni dhaifu, hiyo ya 0.1M inaanzia pH kama 2.9 hivi, ukidondoshea besi kidogo tu inapanda, ulipofika 8 ilishagusa 4.4 na MO ikawa imemaliza kazi wakati karibu theluthi mbili ya asidi bado imo ndani. Hata rangi haikukatika ghafla, ilienda polepole ikapitia kwenye chungwa, hiyo ndo dalili ya kwanza kwamba indiketa siyo yake.

Asidi ikiisha kweli kinachobaki ni sodiamu asetati, na chumvi hii ina ubesi kidogo, kwa hiyo pH inakuwa karibu 8.7 na siyo 7 kama wengi tulivyokariri!! Hapo tone moja tu linairusha juu, na POP inaanzia kama 8.3 mpaka 10, inaidaka palepale.

HCl (asidi haidrokloriki) na NaOH (hiyo sodiamu haidroksaidi) hazisumbui, pH inaruka toka kama 4 mpaka 10, POP sawa MO sawa. Amonia kwa HCl inaishia kwenye 5 hivi, hapo MO ndo inafaa. Siki na amonia usihangaike na indiketa, zote dhaifu, hakuna mruko, tafuta pH mita.

Ukirudia tia matone 2 au 3 tu ya POP maana indiketa nayo ni asidi dhaifu, weka kigae cheupe chini ya flaski, simama kwenye pinki ya mbaaali inayokaa nusu dakika. Ikififia baadaye usiongeze, ni kabonidayoksaidi ya hewani inaingia.