Vivuli vyeusi ndivyo vinavyoua kina cha mtaa wako

Ndugu, umeuliza kwa nini mchoro wako wa rangi ya mafuta wa Oginga Odinga Street, Kisumu, unaonekana bapa ilhali majengo umeyapima vizuri. Tatizo ni vivuli. Umepaka nyeusi tupu, na ukali wake ni uleule kuanzia bodaboda ya mbele hadi mwisho wa barabara. Changanya bluu ya altramarini na kahawia ya siena; kadiri unavyokwenda mbali, ongeza nyeupe na bluu kidogo. Kivuli cha barazani kipashe joto kidogo, maana mwanga wa jua hudunda kutoka ardhini ukaingia humo.

Watu nao wanaelea. Kama ulisimama mahali tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama vikae karibu na mstari wa macho yako, yaani usawa wa macho yako kwenye mchoro, wawe mbali au karibu. Miguu ndiyo inayopanda kadiri mtu anavyokuwa mbali. Kila mmoja mpe kivuli kinachogusana na soli.

Usipake leo. Subiri rangi iache kunata, kisha tabaka jipya liwe na mafuta ya kitani zaidi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Mabango yapunguze, moja la mbele linasomeka, linatosha. Ule mng'ao kwenye tangi la bodaboda umeupatia kweli, usiuguse.