Bruda, kwa nini hukumalizia upadri?

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu nilipozungumza na vijana wa parokia kuhusu maisha ya bruda, maswali hayajakoma. Mengine yaliletwa kwenye vikaratasi, mengine niliulizwa nje ya kanisa watu wakiwa wanawahi daladala. Leo nayajibu yale yaliyojirudia. Kwa wasionifahamu, mimi ni bruda, yaani mtawa wa kiume ambaye si padri, na ni fundi seremala. Nafundisha useremala kwenye karakana iliyo kando ya Ziwa, hapa Mwanza.

Mama mmoja wa Buhongwa anauliza: "Bruda, kijana wangu ana akili sana darasani. Kwa nini aishie kwenye ubruda wakati anaweza kufika hadi upadri?"

Mama, shikamoo. Hilo neno "aishie" ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu hata mama yangu mzazi alilitumia. Watu wengi wanaona kama ngazi: chini bruda, juu yake shemasi, kisha padri, kisha askofu. Kwa hiyo bruda anaonekana mtu aliyepanda kidogo akachoka. Sivyo ilivyo. Upadri ni sakramenti ya Daraja Takatifu. Ubruda ni utawa, yaani mtu anajitoa kwa Mungu kwa nadhiri tatu, za useja, ufukara na utii, akaishi na wenzake katika jumuiya. Wapo mapadri wa jimbo ambao si watawa, wapo watawa ambao si mapadri, na wapo waliopokea vyote viwili. Sheria ya Kanisa yenyewe inasema utawa kwa asili yake si wa kikleri (wa wenye Daraja Takatifu) wala wa kilei (wa waamini wasio na Daraja). Kijana wako akiwa bruda hajaishia popote, amefika pale alipoitwa.

Na akili zake hazitapotea. Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, aliyeanzisha shirika la mabruda walimu kule Ufaransa katika karne ya 17, yeye mwenyewe alikuwa padri. Lakini walimu wake alitaka wabaki mabruda, wasipewe upadri, ili mtoto wa maskini asije akamkosa mwalimu kwa sababu mwalimu ameitwa altareni. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa walimu wote. Hapa kwetu mnawafahamu Mabruda Wamarist na shule yao. Nao wana historia ndefu tangu Mtakatifu Marselini Champagnat alipowaanzisha mwaka 1817.

Kuna habari nyingine, mama, ambayo naona haisimuliwi vya kutosha katika Kanda hii ya Ziwa. Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Kageye, ufukweni kusini mwa Ziwa, katika Magu ya leo. Walikuwa wametembea kwa miezi kutoka Bagamoyo. Walikuwa watu watano: mapadri wanne, Léon Livinhac, Ludovic Girault, Siméon Lourdel na Léon Barbot, na bruda mmoja, Amans Delmas. Ilibidi wawili watangulie ng'ambo kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kuomba ruhusa ya wengine. Wakaenda Padri Lourdel, ambaye Waganda walikuja kumwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans. Walivuka kwa mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki kukanyaga Buganda walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa bruda. Mashahidi wa Uganda tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni ni matunda ya safari iliyoondokea huku kwetu. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini Amans hakumalizia upadri.

Msomaji wa Nansio, Ukerewe: "Kama huadhimishi Misa, siku nzima unafanya nini?"

Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Tunasali Masifu ya Asubuhi, tunatafakari, tunashiriki Misa, kisha chai. Saa mbili niko karakanani hadi saa kumi. Jioni kuna Masifu ya Jioni, chakula cha pamoja, mazungumzo kidogo, na sala ya kabla ya kulala. Wenzangu katika nyumba yetu wana kazi nyingine: mmoja ni muuguzi, mwingine anashika hesabu, mwingine analima bustani na kufuga kuku. Mabruda wa zamani walichoma matofali na kuezeka makanisa ya misioni ambayo bado mnasali ndani yake.

Vijana wangu wengi wametoka kwenye mialo, yale maegesho ya wavuvi ufukweni. Waliacha shule wakafuata sangara na dagaa, na samaki walipopungua hawakuwa na kitu mkononi. Mwezi wa kwanza tunajifunza kunoa patasi tu. Wanalalamika, nami nawaacha walalamike. Baadaye wanatengeneza vitanda vya dabodeka vya mabweni, madawati, milango, na wale wenye jicho zuri tunawapeleka kwa mafundi mitumbwi wakajifunze kupinda mbao. Hapo ndipo ninaposali zaidi, ndugu yangu. Ukipiga randa kwenye mninga, ile harufu yake inapanda, na kijana aliyekuja hawezi kukutazama usoni sasa anakubishia vipimo. Mimi kwangu hiyo ni sala kabisa.

Ndugu wa bruda mmoja, Magu: "Mdogo wetu anakaribia nadhiri za daima. Je, mshahara wake unakwenda wapi? Na shamba aliloachiwa na baba, tufanyeje?"

Hili muongee mapema, msisubiri msiba. Mshahara wote, awe mwalimu au daktari, unaingia mfuko wa jumuiya. Akihitaji viatu, nauli au dawa, anaomba. Ndiyo maana mkimtumia ujumbe kwamba mabati yamepanda bei, anakaa kimya. Si kiburi, mfukoni hana kitu chake.

Shamba ni suala tofauti. Kabla ya nadhiri za kwanza mtawa anatakiwa kumkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yake. Angalau kabla ya nadhiri za daima anatakiwa aandike wosia unaokubalika pia kwa sheria za nchi. Kwa hiyo mwiteni, kaeni kama familia, ulizeni shirika lake linasema nini, kwa kuwa katika jambo la umiliki mashirika hayafanani. Wekeni maandishi. Nimeona ndugu wakigombana makaburini kwa sababu ya ekari mbili ambazo marehemu bruda hakuwa na haja nazo.

Dereva bodaboda wa Igoma, miaka 26: "Nina kidato cha nne, na pikipiki ya mkataba ambayo sijamaliza kulipa. Naweza kupokelewa?"

Mdogo wangu, umri wako hauna tatizo kwa Sheria ya Kanisa. Unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri za kwanza, hauruhusiwi chini ya miaka 17, na juu ya hapo kila shirika lina mipaka yake. Deni ndilo lenye neno. Kanisa linakataza wakubwa wa shirika kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Usikimbilie utawani kumkwepa tajiri wa pikipiki. Maliza mkataba, chukua kadi yako, uza au mpe mdogo wako, ndipo uje ukiwa mwepesi. Wakati huohuo anza kumwona paroko wako, kwa kuwa utahitaji cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na uthibitisho kwamba hujafunga ndoa.

Ukipokelewa, usitegemee mambo ya haraka. Kuna kipindi cha malezi ya awali, kisha unovisi wa angalau miezi 12, kisha nadhiri za muda ambazo kwa kawaida ni kati ya miaka mitatu na sita, ndipo za daima. Nadhiri za muda zikimalizika na ukaona si njia yako, unaondoka kwa amani. Si aibu. Miongoni mwa rafiki zangu wa karibu wamo waliotoka, leo ni baba wa familia, wanakuja kunisaidia kunoa misumeno.

Swali fupi kutoka Kirumba: "Bruda anaweza kuungamisha au kubatiza?"

Kuungamisha hapana, hata nikikupenda kiasi gani. Kubatiza, ikiwa mtoto yuko katika hatari ya kufa, ndiyo. Lakini hata wewe unaweza, yakiwepo maji, maneno sahihi na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Wauguzi na wakunga wajifunze hili.

Mwingine hapohapo anauliza kama bruda anaweza kuwa mkuu wa nyumba yenye mapadri. Tangu mwaka 2022 Papa Fransisko alifungua mlango huo katika mashirika ya kikleri, yaani yanayoongozwa na mapadri, kwa masharti na vibali vyake.

Mzee wa Misungwi: "Mjukuu wangu, kwetu mtu huitwa baba fulani kwa jina la mtoto wake. Wewe utaitwa nani? Na upweke je?"

Shikamoo babu. Nimelisoma swali lako mara nyingi kabla ya kukujibu, na sitakudanganya. Jioni za Jumapili ni ndefu. Vijana wameenda makwao, karakana imefungwa, upepo wa Ziwa unagonga mabati, na unasikia watoto wa jirani wakiitwa kula. Kuna mwaka nilikaa hapo nikajiuliza kama nimekosea. Niliyemwambia ni bruda mzee wa jumuiya yetu. Hakunihubiria. Alinyanyuka, akapasha moto ugali na dagaa, tukala tukazungumza hadi usiku. Useja bila jumuiya unamkausha mtu, na mtawa anayekula peke yake chumbani kila siku namhofia.

Kuhusu jina, babu, bruda maana yake ni ndugu. Baba yangu alikuwa na uchungu kwamba jina lake halitapita kwangu, na uchungu ule nauheshimu hadi leo. Sikumpa mjukuu. Nilimpa kitanda cha mninga nilichokitengeneza kwa mikono yangu, kwa ruhusa ya mkuu wangu, na alikilalia hadi siku alipofariki.

Mwanafunzi wa Malimbe: "Mabruda wakizeeka wanatunzwa na nani?"

Na sisi wenzao. Yule mzee niliyemtaja sasa haoni vizuri. Saa nne asubuhi vijana wawili wanamleta karakanani, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anapitisha kidole gumba kwenye makali ya kila patasi. Isiyonolewa sawasawa anairudisha bila kusema neno, na hakuna kijana aliyewahi kumbishia.