Hesabu watoto, usihesabu picha

Wadogo zangu mnaoanza mradi wa mwaka wa mwisho pale Iyunga, Mbeya, au mko Iringa na kompyuta ya kuazima, mkitaka kufundisha akili bandia itambue uvimbe wa ubongo wa watoto kwenye picha za hadubini: kabla ya kuuliza modeli ipi ni kali, ombeni ruhusa mwingie maabara ya patholojia. Muone nyama iliyotolewa kichwani ikilowekwa kwenye fomalini, ikizamishwa kwenye nta, ikikatwa kwa unene wa maikroni 3 hadi 5, ikiwekwa kwenye kioo (ndiyo slaidi), kisha ikipakwa rangi za hematoksilini na eosini. Viini vya seli hutoka buluu ya zambarau, vinavyobaki pinki. Pinki ya maabara moja si pinki ya maabara nyingine, na modeli huiona tofauti hiyo upesi kuliko wewe. Medulloblastoma na ependimoma ni aina mbili za uvimbe wa ubongo; kama medulloblastoma zako zote zimetoka hospitali moja na ependimoma zote nyingine, modeli itajifunza kutambua hospitali, na asilimia za usahihi zitapanda vizuri tu.

Wengi huangukia kwenye mgawanyo wa picha za kufundishia na za kupimia. Slaidi iliyoskaniwa kwa ukuzaji wa mara 40 inaweza kufika pikseli laki moja upande mmoja. Huwezi kuilisha modeli nzima nzima, ndiyo maana tunaikata vipande vya mraba, mara nyingi pikseli 224 kwa 224, na mtoto mmoja anakupa maelfu. Ukivichanganya kama karata ndipo utenge asilimia 20 ya kupimia, vipande vya mtoto yuleyule vitakaa pande zote mbili. Hapo modeli inamkumbuka mtoto, haitambui uvimbe. Gawa orodha ya wagonjwa kwanza, ndipo ukate. Mtu akiniletea asilimia 99, namuuliza: watoto wangapi? (Wengi huanza kunitajia idadi ya picha.)

Uliza pia jina la uvimbe lilipatikanaje. Uainishaji wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2021 unagawa medulloblastoma kwa molekuli, yaani kwa mabadiliko yaliyo ndani ya seli za uvimbe: kundi la WNT, la SHH na zisizo za makundi hayo. Mgawanyo huo si wa kupamba ripoti. Watoto wenye WNT kwa kawaida hupona vizuri zaidi ya wenzao. Kama lebo zako, yaani majina hayo ya uvimbe, ziliwekwa kwa jicho tu, bila kipimo cha molekuli, usidai kwamba modeli yako inatambua makundi hayo.

Kuhusu vifaa, msihangaike sana. Tumieni modeli iliyokwishafundishwa kuchota sifa za kila kipande mara moja, mzihifadhi kwenye diski. Sehemu ndogo ya mwisho ya modeli, inayotaja uvimbe, inafundishika hata kwenye kompyuta ya kawaida. Slaidi moja inaweza kuzidi GB 1, kwa hiyo pakueni kwa bando la usiku, na modeli ijihifadhi kila mzunguko wa mafunzo, maana umeme wetu mnaujua.