Barua kwa mwanangu: gari la ngazi au vituo viwili?

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kwa sababu swali lenyewe ni zito. Unasema kamati ya wadi yenu imeombwa kutoa maoni kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, na fungu la zimamoto linatosha jambo moja kati ya mawili: gari jipya la ngazi ya mita 30 litakalokaa makao makuu, au vituo vidogo viwili huko pembezoni, kila kimoja na gari dogo la pampu, pamoja na mafunzo ya vijana wa kujitolea. Unataka kujua mimi, niliyefanya kazi hii hadi nikastaafu, ningesimama upande gani.

Ningesimama upande wa vituo, tena bila kusita.

Kwanza fikiria dakika. Chumba chenye godoro la sponji, makochi na mapazia kinaweza kulipuka chote kwa pamoja kabla hata dakika 5 hazijaisha tangu moto ushike. Hewa ya moto na moshi hujikusanya darini, joto hilo linavishukia vitu vilivyo chini, halafu kila kitu kinawaka kwa mkupuo. Aliyebaki ndani wakati huo hatoki tena, na wazimamoto wakifika wanapigania nyumba za jirani. Sasa niambie, gari zito likitoka makao makuu, kilomita 40 na zaidi kutoka kwenu, nusu yake murram, litamkuta nani? Usiku ule wa Septemba 2024 wavulana 21 walipokufa bwenini katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, taarifa zilieleza kuwa matope ya mvua barabarani yaliwachelewesha waokoaji. Sisemi gari lingefika mapema wote wangepona. Nasema umbali na barabara ni sehemu ya moto, na anayepanga bajeti bila kuvipima hivyo viwili hajapanga lolote.

Halafu kuna maji, na hapa nakuomba uwe makini kuliko kwingine kote, maana ndipo watu wanapodanganywa na ukubwa wa gari. Magari mengi ya ngazi hubeba maji kidogo sana, au hayabebi kabisa. Kazi yake ni kufika juu, na maji hupewa na gari la pampu. Mpira mmoja wa kushikwa kwa mkono unaweza kumwaga lita 400 au 500 kwa dakika. Gari lenye tangi la lita 2,000 linakauka ndani ya dakika 4 au 5. Ndiyo sababu wananchi hulalamika kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Mara nyingi walikuja nayo, yakaisha mbele ya macho ya watu, na hapakuwa na mahali pa kujaza. Kwa hiyo kila kituo kidogo kiwe na jibu la swali moja: tangi la kwanza likiisha, la pili linatoka wapi? Bauza, yaani lori la tangi la maji, la lita 10,000 linasaidia, lakini maji hayo peke yake ni tani 10, na kuna madaraja huko kwenu ambayo mimi nisingethubutu kulipitishia. Mto na bwawa vinasaidia zaidi, pampu ikiweza kusogea karibu. Pampu inayonyonya kutoka chini haivuti maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi, na mkiwa kwenye miinuko kama mlivyo, inapungua tena. Zitembeleeni kingo za mto mapema, mchague mahali gari linapoweza kusimama, mpaweke changarawe. Hiyo ni kazi ya siku chache isiyohitaji zabuni kubwa.

Kuhusu gari dogo: wengi wanalidharau. Pikapu ya kuvuta magurudumu yote, yenye tangi la lita 500 au 600 na pampu ya shinikizo kubwa, inapita vichochoro ambavyo gari la ngazi halipiti. Gari la ngazi linataka uwanja mpana na ardhi ngumu ili litandaze miguu yake ya pembeni, na juu pasiwe na nyaya za umeme. Zunguka soko lenu uniambie ni wapi litasimama. Na jengo refu kuliko yote katika wadi yenu ni la ghorofa tatu. Ngazi ya kubeba kwa mkono inatosha. Mji wenu ukipanda juu, ombeni gari la ngazi, nami nitawaunga mkono. Leo bado.

Jambo jingine ambalo hutalisikia kwenye kikao: gari la zimamoto huchakaa likiwa limesimama. Kwa kawaida injini inayolisafirisha ndiyo inayozungusha pampu, hivyo linaweza kunguruma saa sita bila kuongeza kilomita moja. Anayepanga matengenezo kwa kusoma kilomita anajidanganya. Yahesabiwe masaa ya injini. Pampu izungushwe kila wiki, mipira ikaushwe kabla ya kukunjwa, matairi yakaguliwe hata kama gari halijatoka. Magari mengi mazuri yamekufa kwa kukosa vitu hivi, si kwa kuzeeka.

Sasa vijana wa kujitolea. Najua kuna wanaosema hii si kazi ya kumpa mtu asiyelipwa. Chile nzima hutegemea wazimamoto wa kujitolea, tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851. Ujerumani wapo kama milioni 1, na Marekani takriban theluthi mbili ya wazimamoto wote ni wa kujitolea. Hapa kwetu, Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kisheria mwaka 1965, umesimama kwa mikono ya watu wa aina hiyo. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Linaloharibu ni kuwakusanya vijana, kuwapiga picha wakiwa na fulana mpya, kisha kuwaacha.

Mimi ningetaka kila kituo kiwe na wazimamoto walioajiriwa, wa kutosha kuendesha gari na pampu kila zamu, mchana na usiku. Hilo halijadiliwi. Wa kujitolea waongezwe juu yao, wasiwe mbadala wao. Wafundishwe kukata umeme, kufunga gesi, kuhesabu watu waliotoka na kuuliza nani hajaonekana, kufungua njia gari lipite, kumlaza aliyeungua na kumpoza kwa maji safi badala ya kumpaka dawa ya meno. Wafundishwe pia kuzuia umati. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu lori la petroli lilipinduka na watu wakaenda kuchota. Vijana wachache wanaoheshimika kijijini, wakifika mapema na wakijua la kufanya, wana nafasi ya kuwarudisha watu nyuma kabla cheche haijatokea.

Lakini asiingie hata mmoja ndani ya nyumba yenye moshi bila mtungi wa hewa, barakoa na mwenzake ubavuni. Moshi huua kabla ya moto, na kijana mwenye moyo mwema ndiye wa kwanza kukimbilia ndani. Kama kaunti haiwezi kuwanunulia vifaa hivyo na kuwakatia bima, basi wabaki kazi za nje. Liandikwe hivyo kwenye maoni yenu, kwa maneno yasiyopindika, na usikubali lifutwe.

Akisimama mtu akisema mambo haya ni ya Nairobi, mfungulie Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga zimewekwa kwa serikali za kaunti. Waliorithi vituo vya mabaraza ya miji ya zamani walianza na kitu. Kwenu hamkurithi chochote, na hiyo ni hoja ya kuwapa ninyi kwanza.

Kabla ya kikao nitumie makadirio yote ya fungu hilo, si muhtasari. Nataka kuona kama kuna pesa za mafuta, za mishahara ya zamu ya usiku na za matengenezo kwa miaka inayofuata. Kama hakuna, tutaandika barua nyingine pamoja, safari hii kwa katibu wa bunge la kaunti.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama kile kikohozi cha mjukuu wake kimeisha.

Baba yako