Re: Tangi jipya la lita 60, maji meupe, samaki wanahema juu

Ndugu, usimwage maji yote, na filta usiiguse. Weupe huo ni bakteria wa kawaida wa tangi jipya, utaondoka wenyewe. Kinachowatesa samaki wako sita ni amonia ya vinyesi na chakula kilichobaki, maana bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti (nayo ni sumu), kisha naitreti (isiyo na madhara makubwa), bado hawajakaa kwenye sponji ya filta. Huchukua wiki 4 hadi 6.

Leo badilisha nusu ya maji. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa. Kisha pima kila siku: amonia au naitraiti ikifika 0.5 mg/l, badilisha robo hadi nusu. Chakula kidogo, siku moja ndiyo moja hapana. Pampu ya hewa isizimwe hata usiku. Kwa joto letu la Tanga maji hushika oksijeni kidogo.

Yale matumbawe na makombe uliyookota ufukweni Raskazone yatoe. Yanapandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua), na pH ikipanda amonia ileile huwa sumu kali zaidi. Wengi hawalijui hili.

Naitraiti ikipanda, vijiko viwili vidogo vya chumvi (kama gramu 12) huzuia isiingie kwenye damu. Sponji ikiziba, ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe si ya bomba. Samaki wapya usiongeze mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri wiki nzima.