Muziki wa Baa Usiku: Je, Kipimo cha Simu Kinatosha?

SWALI: Mhariri, baa iliyo jirani nasi hapa Sinza hupiga muziki hadi alfajiri. Nimepima kelele kwa simu. Je, huo ni ushahidi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Ndugu msomaji, simu hukupa makadirio tu, kwa kuwa maikrofoni yake haikuhakikiwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, andika tarehe, saa na mahali uliposimama. Usidharau tofauti ndogo ya namba, maana desibeli, yaani vizio vya kupimia kelele, hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Kisha peleka malalamiko ya maandishi serikali ya mtaa na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), wanaosimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pamoja na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, uombe wapime usiku, si mchana baa ikiwa imelala.