Mwezi Ulipojaa Nilimfukuza Mpishi Wangu

Juzi usiku dada mmoja wa Mafinga ameniandikia. Ana duka la vifaa vya ujenzi na kijana mmoja wa kumsaidia. "Shikamoo dada," ameandika. "Kijana wangu ni mwaminifu, lakini mwezi ukikaribia kujaa anabadilika. Anafokea wateja, anakosea chenji, juzi kadondosha ndoo ya rangi ikamwagika yote. Majirani wanasema mwezi unampanda. Nimwache aende zake kabla hajanitia hasara zaidi?"

Nilisoma ule ujumbe mara mbili nikaweka simu chini. Mimi nilishamfukuza mtu kwa sababu hiyohiyo. Miaka saba sasa, na sijawahi kuisimulia habari hii hapa.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilikoanzia. Jiko moja la mkaa na sufuria mbili, pale Uyole, Mbeya, barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka ile ya Zambia. Leo nina mgahawa na vyumba 14 vya wageni, na watu tisa wanakula kwa jasho la pale. Habari za mkopo na za kuezeka naziruka, nimeshaziandika vya kutosha. Nataka kumzungumzia binti mmoja wa Tukuyu aliyekuwa akinipikia chapati.

Alikuwa na miaka 22. Kile kijiti cha kusukumia kilivunjika wiki yake ya kwanza, akaanza kutumia chupa tupu ya soda, na chapati zikatoka duara kama zimekatwa kwa sahani. Madereva wa malori ya Tunduma walikuwa wanapita migahawa mitatu ili waje kula kwangu. Nasema kweli tupu: yule binti ndiye aliyeniezekea vyumba sita vya kwanza.

Ilikuwa Juni, ile baridi yetu inayouma masikio. Mwezi mpevu ulikuwa umechomoza upande wa Igawilo, uwanja mzima mweupe. Nikamkuta amesimama mbele ya kikaango, upawa mkononi, macho yamekodoka, midomo inacheza kama anatafuna kitu. Nikamwita kwa jina. Kimya. Chapati ikaungua mpaka moshi ukajaa jikoni. Baada ya kama dakika moja akazinduka, akaigeuza ile chapati nyeusi kana kwamba hakuna lililotokea. Mzee wetu wa ulinzi akanivuta pembeni: "Mama, huo ni mwezi. Mwangalie mwezi ujao."

Nikamwangalia. Huo ndio ubaya wenyewe, kwamba nilikaa nikiusubiri mwezi. Ulipojaa tena alianguka kabisa, mkono ukagusa jiko, ngozi ikatoka. Wateja wakasimama kando, hakuna aliyemgusa, wanaogopa lile povu. Kesho yake nikampa mshahara wa nusu mwezi na nauli ya Kosta. Hakulia. Aliikunja aproni mara nne, akaiweka juu ya kaunta kwa mkono ule mzima, akaondoka.

Baada yake nilitegemea amani. Nilikuwa nimeshaamini kwamba mwezi ndio unaoniharibia biashara, basi nikanunua kauntabuku. Kila ugomvi, kila glasi iliyovunjika, kila mgeni aliyetoroka bila kulipa, niliandika tarehe na kuchora mwezi ulivyo usiku huo. Nilifanya hivyo miezi 13. Nilipokaa kuhesabu nikakuta matukio 41, na matano tu yaliangukia usiku wa mwezi mpevu au wa jirani yake, sawa na bahati tu. Yaliyobaki yalirundikana mishahara inapotoka, na tena Juni na Julai, wakati mpunga wa Usangu umevunwa na watu wana pesa mfukoni. Ni miezi ileile ambayo anga la Mbeya halina wingu na kila mtu anauona mwezi. Januari, mawingu yakiwa yamekaa juu ya mlima Loleza wiki nzima, watu walipigana vilevile, ila hakuna aliyeinua macho kutafuta wa kumsingizia. Mwezi ulionisumbua ulikuwa wa kalenda.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 1985 wataalamu wawili, James Rotton na Ivan Kelly, walikusanya tafiti 37 kuhusu mwezi na wazimu, uhalifu na kujiua, wakazipima zote pamoja. Hawakukuta kitu cha maana. Wazungu wanauogopa mwezi mpevu; huku kwetu mtu akichachamaa tunasema mwezi mchanga, mwezi umeandama. Sasa mwezi gani unatia wazimu, uliojaa au ule ulioandama tu? Tumeulaumu pande zote mbili, jamani.

Wengine watasema mwili ni maji, na mwezi huvuta maji. Bahari ndiyo huvutwa, tena bamvua, yale maji makubwa ya pwani, huja mwezi ukijaa na ukiandama, mara zote mbili. Lakini nenda Matema ukasimame ufukweni. Ziwa Nyasa lina kina kinachokaribia mita 700, na huwezi kuona maji yakikupwa na kujaa kama pwani. Kama ziwa lile halitikisiki, maji ya mwili wa binti yatavutwaje?

Lakini mwanga ni jambo lingine. Mwaka 2021 watafiti walieleza habari za Watoba, wenyeji wa asili wa Argentina, ambao siku chache kabla ya mwezi kujaa walichelewa kulala. Siku hizo mwezi unakuwa tayari juu jua linapozama, jioni inarefuka. Ukishapita kujaa unachelewa kuchomoza, na hapo giza la jioni linarudi. Craig Packer na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba hapa Tanzania simba walishambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa zile za mwanzo za usiku. Kwa hiyo mwezi una kazi yake, lakini kazi hiyo inapitia kwenye mwanga na giza.

Aliyenifungua macho kabisa ni muuguzi mmoja aliyelala kwangu akielekea Kyela. Nilimsimulia kama kisa cha ajabu. Akaniuliza, "Huyo binti alikuwa analala wapi?" Nikanyamaza. Alikuwa analala stoo ya nyuma, dirisha la kioo limeelekea Igawilo, halina pazia. Alipanda kitandani saa mbili, uso kwa uso na ule mwezi, na saa tisa usiku nilikuwa nagonga mlango aamke akande unga. Muuguzi akasema kukodoa macho na kutafuna vile ni kifafa, na kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyokiamsha haraka. Mwanga ulikuwa sehemu ndogo. Saa tisa yangu ndiyo iliyokuwa kubwa. Na pazia nililokuwa nabana matumizi lisinunuliwe lilikuwa la shilingi elfu nane.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mafinga, kabla hujafungua mdomo kumwachisha kazi, muulize kijana wako amelala saa ngapi jana, analala wapi, na nani anamwamsha. Muulize usingizi. Angalia dirisha lake. Ukiona anakodoa macho au anaanguka, mpeleke hospitali. Kifafa kina dawa, na wengi wanaomeza kila siku bila kukatiza hawaanguki tena. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na usiogope povu, kifafa hakiambukizi. Sisi tunaotaka biashara zikue tunahesabu mifuko ya saruji na kreti za soda, tunashindwa kuhesabu saa za kulala za watu wanaotushikilia hizo biashara. Muulize usingizi, nakuomba.

Mwaka juzi nilipata namba ya mama yake nikapiga. Binti yuko Tukuyu, anameza dawa, anauza chapati asubuhi stendi. Nilisema nataka kumrudisha, kwa mshahara mara mbili. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema binti ana kazi. Mwanzoni mwa simu, kabla hajajua ni mimi, alikuwa amenisalimu kwa Kinyakyusa: "Ugonile?" Mimi si wa kwao, lakini miaka yote ya Uyole imenifundisha maana yake. Anauliza kama umelala.